Kalamu ya Babu na Wino wa Kijivu

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Walimu wetu hutufunza kuitumia methali hii kwa rafiki mnafiki au jamaa msaliti. Mwaka huu mimi nimeiona ikitenda kazi mahali nisipopatarajia, nako ni ndani ya kalamu. Kalamu nyingi za zamani hazikuibwa wala hazikuvunjika. Ziliuawa polepole na wino uliotiwa tumboni mwake.

Najua wapo mtakaocheka. Kalamu ya wino, siku hizi? Hapa shuleni kila mtu ana biro ya bei ya mandazi mawili, ikiisha inatupwa, mambo kwisha. Hata jina biro limetokana na Laszlo Biro, Mhungaria aliyepata hataza ya kalamu yake huko Uingereza mwaka 1938. Kabla biro haijaenea huku kwetu, karani, mwalimu na hakimu waliandika kwa kalamu ya wino, na mwanafunzi alichovya nibu katika kidau kilichokaa kwenye tundu la dawati. Ukiona dawati kuukuu lenye tundu la mviringo kwenye kona, usidhani ni la kuwekea chupa ya soda. Hicho kilikuwa kisima cha wino.

Kalamu ninayoizungumzia ilikuwa ya babu yangu mzaa baba. Babu alikuwa karani wa reli tangu zama za East African Railways and Harbours. Aliishi kwanza katika nyumba za reli za Muthurwa, kisha akahamia Kaloleni, ambako nyanya anaishi mpaka leo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na reli ikagawanywa, babu alibaki upande wa Kenya hadi alipostaafu. Alipoaga dunia aliacha saa mbovu, koti zito, sanduku la bati, na kalamu moja ya kijani yenye mishipa ya rangi ya dhahabu, iliyochorwa ubavuni jina Conway Stewart.

Nyanya naye ni mweka hazina wa chama cha kuzikana. Si chama kikubwa. Ni majirani wa hapo Kaloleni na wengine waliohamia Jericho, Umoja na Donholm lakini hawakutaka kuvunja undugu. Kila mwezi watu huchanga, na mwanachama akifiwa hulipiwa jeneza, gari la kupeleka mwili nyumbani na chakula cha matanga. Hesabu zote zimo katika daftari moja nene lenye jalada jeusi. Kurasa za mwanzo ziliandikwa na babu kwa kalamu hiyo hiyo. Wino wake ulikuwa mweusi, lakini miaka imeufifisha hata ukawa wa kijivu, rangi ya jivu la jana mekoni.

Likizo ya Aprili nyanya aliniita. Mimi nimepewa jina la babu, kwa hiyo yeye huniita mume wake mbele za watu bila haya.

"Mzee wangu, keti hapa," aliniambia. "Katibu wetu mkono unatetemeka, kile anaandika hata yeye mwenyewe hakisomi. Kutoka leo daftari utaandika wewe. Na utaandika na hii."

Akanikabidhi kalamu.

"Na wino, nyanya?"

"Tafuta ile rangi yake, hii ya hapa." Aliweka kidole kwenye ukurasa wa babu. "Lakini ukiniharibia hii kalamu, mimi na wewe tutapeana talaka."

Basi nikawa na amri mbili: nipate wino wa kijivu, na wino huo usiidhuru kalamu. Kaka yangu aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. "Buda, si ununue tu biro?" Nikamwambia biro haina kijivu, na hata ingekuwa nayo, nyanya hakuagiza biro.

Kwanza niliipeleka kalamu kwa fundi mmoja mzee wa saa mwenye kibanda karibu na soko la Muthurwa. Zamani, makarani walipokuwa wengi, alikuwa akitengeneza kalamu pia. Aliigeuzageuza kwenye mwanga kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa.

"Hii ni ya kitambo, kijana. Usiiloweke kwa maji hata siku moja. Hii ni maziwa."

Nilidhani mzee ananitania. Kumbe wapi! Mwili wa kalamu za aina hii ulifanywa kwa kaseini, yaani protini ya maziwa, ambayo hukandamizwa kisha huimarishwa kwa fomalini hata ikawa ngumu na yenye kung'aa kama pembe. Kaseini ina udhaifu mmoja: hunywa maji. Ukiiloweka huvimba na kupindika. Fundi aliipasha joto kidogo tu kwa taa, akaichomoa shingo taratibu, na ndani tukakuta kifuko cha mpira kilichokauka. Alipokigusa kilipukutika kama ganda la njugu karanga.

Hapo nilielewa jinsi kalamu hii inavyokunywa wino. Ubavuni ina wenzo mdogo wa chuma. Ukiuinua, kipande cha chuma kilicho ndani hukibana kifuko na kutoa hewa. Ukiuachilia huku nibu ikiwa ndani ya wino, kifuko hufunguka na kanieneo ya hewa ya nje huusukuma wino juu. Wakati wa kuandika, wino hushuka kupitia mifereji iliyo chini ya nibu, myembamba kama unywele. Shangazi yangu, ambaye ni muuguzi huko Birmingham, alitutumia kifuko kipya, maana Uingereza bado yako maduka ya vifaa vya kalamu za kale. Fundi alikikata kikawa kwa kipimo, akakigandisha kwa gundi ya shelaki. Akanionya nisiisafishe kamwe kalamu kwa spiriti wala amonia, kwa kuwa spiriti huyeyusha shelaki na amonia hula kaseini.

Kwa hiyo, msomaji, kalamu ya zamani ina mahali patatu pa kuumia. Pa kwanza ni kifuko cha mpira, ambacho wino mkali hukilainisha kikanata au hukikausha kikapasuka. Pa pili ni ile mifereji, ambayo wino mzito huiziba. Pa tatu ni mwili wenyewe, ambao haustahimili kuoshwa kwa muda mrefu wala kwa dawa kali. Kila wino nilioletewa niliupima kwa mambo hayo matatu.

Wa kwanza kunishauri alikuwa mwenzangu wa bweni. "Chukua Quink nyeusi, ongeza maji, utapata kijivu. Ni hesabu tu!" Quink ni wino wa Parker uliotoka mwaka 1931, na wazee wengi wa Nairobi walikua nao. Ni wino mpole, sina ubishi nao. Lakini nani hakumbuki somo la kromatografia katika Kemia ya Kidato cha Kwanza? Ukitia tone la wino mweusi kwenye karatasi ya chujio na kulilowesha, weusi hutengana ukaona rangi zilizojificha ndani yake. Quink nyeusi hufanya hivyo hivyo: maji yakizidi, hujitenga ikawa buluu huku na hudhurungi kule. Tena wino wa dukani huwa na dawa ya kuzuia ukungu. Ukiuzimua kwa maji ya mfereji unaizimua na dawa, na ukungu ukishaota ndani ya kifuko ni taabu kuutoa. Ushauri huo nikauweka kando.

Wa pili ni wino wa masizi. Huu ni wino wenye heshima zake. Waandishi wa pwani yetu waliandika kwa kalamu za matete na wino mweusi wa masizi uliochanganywa na gundi ya mti. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utenzi wa wasia mwaka 1858, anamwita bintiye aje karibu na wino na karatasi. Na desturi ya kuagiza wino mwanzoni mwa utenzi ilikuwa ya washairi wengi. Masizi ni kaboni. Hayaogopi jua, hayaogopi maji, na ukiyazimua yanatoa kijivu safi kabisa. Lakini wale waandishi walichovya na kufuta, kalamu zao hazikuwa na tumbo. Ukiyatia masizi ndani ya kifuko na kuyaacha wiki moja, chembe zake hukauka mferejini kama rangi ya ukutani. Wino wa kuchorea usioogopa maji ni mbaya zaidi kwa sababu mara nyingi umetiwa shelaki. Ziko siku hizi wino za kisasa zenye chembe ndogo sana zilizotengenezewa kalamu hizi, lakini hizo nazo zinataka kalamu inayotumiwa kila siku na kuoshwa mara kwa mara. Kalamu ya maziwa haiwezi maisha hayo.

Wa tatu ni wino wa chuma. Huu hutengenezwa kwa asidi inayotoka katika vivimbe vya mti wa mwaloni ikichanganywa na chumvi ya chuma. Ukiandika huonekana hafifu, kisha hewa inaupiga na kuufanya mweusi, nao huuma ndani ya karatasi hata usibanduke. Ndiyo maana wasajili wa vizazi, vifo na ndoa huko Uingereza waliutumia kwa miaka mingi. Nilipousoma habari zake moyo ulinidunda, nikadhani nimepata dawa ya daftari la nyanya. Lakini ni wino wa asidi. Nibu ya dhahabu haitishiki, ila ya chuma huliwa, na mashapo yake hubaki mferejini mpaka uyatoe kwa kuosha sana. Tukarudi pale pale kwenye kuosha.

Na usidhani asidi peke yake ndiyo adui. Parker walipotoa kalamu yao ya 51 mwaka 1941, waliitengenezea wino wa pekee uliokauka upesi karatasini. Ulikuwa na alkali nyingi, na chupa yake ilionya kwamba usitiwe katika kalamu nyingine yoyote. Wino salama kwa kalamu kuukuu ni ule ulio karibu na 7 katika kipimo cha pH, si mkali huku wala kule.

Wa nne ni wino wa rangi inayoyeyuka majini, kama sukari inavyoyeyuka kwenye chai. Hauna chembe, hauna chuma. Shangazi alipokuja Nairobi alileta vichupa viwili vya mililita 30 kila kimoja. Kimoja ni Gris Nuage cha Herbin, jina la Kifaransa lililoanza mwaka 1670. Cha pili ni Grey cha Diamine, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1864. Sikutia hata tone moja katika kalamu ya babu. Nilichukua kipande cha kioo, nikadondosha tone la kila wino pamoja na tone la wino wa masizi niliopewa na mwalimu wa Sanaa, nikaviacha vikauke siku nzima. Kisha nikamimina maji. Vile vijivu viwili viliondoka papo hapo kioo kikabaki kitupu. Masizi yalibaki yameng'ang'ania, na nilipoyakwaruza yalitoka magamba. Magamba yale yangekuwa ndani ya mfereji!

Halafu nilichukua kile kipande cha mpira kilichobaki fundi alipokata kifuko, nikakitumbukiza katika kifuniko chenye wino wa Diamine kwa wiki tatu. Kilitoka laini vile vile kilivyoingia. Gris Nuage naye ni wino mpole, lakini rangi yake ni hafifu mno. Nyanya alipoitazama alisema, "Hii umeandika ama umepumua?" Basi tukachagua Grey ya Diamine. Nikaijaribu kwanza katika kalamu ya Hero ya Kichina niliyonunua Gikomba, ikateleza vizuri. Mwishowe nikaitia katika kalamu ya babu. Nibu ile ya dhahabu, iliyokaa miaka bila kulamba wino, iliandika jina la nyanya bila kukwama. Rangi ilikuwa ile ile ya kurasa za babu. Nyanya hakusema kitu. Alichukua karatasi akaishika mbali na macho, kisha akaikunja na kuitia kifuani.

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini usiku ule, nikiwa nimelifungua daftari tayari kuanza kazi, nilikumbuka kioo. Kile kilichonifurahisha juu ya wino huu ni kwamba maji yakija, unaondoka wote. Na je, maji yakija kwenye daftari?

Hilo si swali la kubuni. Mafuriko yalipoipiga Nairobi mwezi wa Aprili 2024, paa la nyanya lilivuja na kurasa kadhaa zililowa. Mistari mingine ya babu ilitoweka ikabaki kama moshi. Mwaka uliofuata mama mmoja mjane alifiwa na mwanawe, na michango yake ya miaka ya nyuma haikusomeka. Wapo waliosema hakulipa. Aliponea chupuchupu kwa kuwa wazee wawili waliapa kwamba walimwona akilipa. Wazee hao wasingekuwapo, yule mama angemzika mwanawe kwa kukopa.

Asubuhi nilimweleza nyanya. Nilimwonyesha karatasi mbili: moja niliyoiandika kwa wino wa kijivu, nyingine kwa masizi. Nikazimwagia maji ya kikombe. Ya kwanza ikafutika mbele ya macho yake.

"Kwa hivyo wino mzuri kwa kalamu ni mbaya kwa daftari," alisema.

"Ndiyo, nyanya. Ule usiodhuru kalamu ni ule unaokubali kuondoka."

"Na penseli?" aliuliza. "Penseli pia ni ya kijivu."

Swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Risasi ya penseli ni kaboni kama masizi; haiogopi maji wala jua. Lakini raba inaifuta, na daftari la pesa haliandikwi kwa kitu ambacho mtu anaweza kukifuta akibaki peke yake nalo. Nyanya mwenyewe alilitambua hilo kabla sijamaliza, akatikisa kichwa.

Nilitaraji atahuzunika kwa sababu ndoto yake ya kuona daftari likiendelea kwa kalamu ya mumewe ilikuwa imekatika. Alinyamaza kidogo, akayatazama maji yaliyochafuka kijivu juu ya meza, kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika nyuma ya jalada la kitabu changu: "Barua ni ya kusomwa. Ikishasomwa, kazi yake imeisha. Deni ndilo linatakiwa kukaa."

Tukaamua hivi. Daftari naliandika kwa nibu ya kuchovya na wino wa masizi, mweusi tii bila kuzimuliwa, kwa maana mwenyekiti alisema kijivu hakitoki vizuri kwenye fotokopi. Nibu ya kuchovya haina tumbo wala mfereji. Nikimaliza naifuta kwa kitambaa. Kalamu ya babu imepata kazi nyingine. Kila Jumapili jioni nikiwa nyumbani nyanya hunisomea barua za dada yake aliye mashambani, hapana, hunisomea majibu anayotaka kumpelekea, nami naandika kwa wino wa kijivu. Ni habari za mvua, za kuku, za nani ameoa na nani amekosana na nani. Wiki iliyofuata dada yake alijibu kwamba alipoiona rangi ile alidhani shemeji yake amefufuka.

Kwa mwenzangu atakayekuta kalamu kuukuu katika sanduku la nyumbani, haya ndiyo ninayoweza kumwachia. Usiitie wino kabla hujajua ndani yake kuna nini, na mwili wake ni wa kitu gani. Ukitaka kijivu, chagua wino wa rangi inayoyeyuka majini, usio na masizi, usio na chuma, usio na shelaki. Udondoshe kwanza kwenye kioo, ukauke, umwagie maji. Ukiondoka wote, huo ni rafiki wa kalamu. Usiuchanganye na wino mwingine. Usiuache ndani ikiwa kalamu haitatumika kwa wiki nyingi. Utoe, ujaze maji safi na kuyamwaga mara kadhaa kwa kutumia wenzo, bila kuiloweka kalamu yenyewe. Na ukishafanya yote hayo, usiandike kwa wino huo jambo ambalo mtu mwingine atalidai haki yake kesho.

Hapo ndipo ninapotia nanga. Daftari la chama sasa lina kurasa kumi na moja za mwandiko wangu, na jina la yule mama mjane ni la tatu kutoka juu. Nililiandika mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno, kama babu alivyokuwa akifanya.